Mstari Usiofanya Kazi

Mbele ya Ufagio, programu haikufa hata siku moja. Ilisoma kama mtoto mwenye adabu mbele ya mgeni: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kituo. Ilikufa akiwa hayupo. Ilikufa kwa watu. Kila asubuhi ripoti zilimiminika kwenye kompyuta yake, mia mbili jana, mia mbili na arobaini juzi, na kila ripoti ilikuwa mtu asiyeona, ameketi mahali na karatasi yake, na sauti iliyokuwa ikimsomea imekatika katikati ya neno.

Kazi ya programu ilikuwa moja. Unaelekeza tableti kwenye karatasi, inapiga picha, inatambua herufi, inasoma kwa sauti. Barua, maelezo ya dawa, tangazo lililobandikwa mlangoni, chochote. Ilikuwa imeandikwa zamani kwa Objective-C, lugha ambayo amri zake hufungiwa ndani ya mabano ya mraba, mabano ndani ya mabano, mpaka ukurasa wake unafanana na zizi lililojengwa na mtu mwenye wasiwasi wa wezi. Aliyeiandika alikuwa mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Mabano. Alipostaafu alimwachia Ufagio vitu vitatu: kiti, ufunguo wa chumba, na mistari elfu sitini.

Ufagio naye hakuzaliwa na jina hilo. Wenzake walimpa kwa sababu hakuweza kuona mstari wa ziada akalala usingizi. Alifuta. Alifupisha. Alichokikuta kimerudiwa mara mbili alikiacha kimoja. Jina lile alilipokea kama cheo, kifua mbele, na mtu akimwita alijibu kwa haraka kuliko alivyoitika jina la baba yake.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi. Meza sita, mtu mmoja. Wengine watano walipanda juu mmoja mmoja, kwenye lugha mpya na madirisha mapana, na kila aliyehama aliacha kikombe. Kila Ijumaa Ufagio aliviosha vyote sita, ingawa kilichotumika ni kimoja. Mchana alifungua kopo lake la chakula, akasema "karibu" kwa mazoea, akala akitazama ukuta. Zilikuwepo siku ambazo neno lake la kwanza kwa sauti lilitoka saa nane mchana, na lilikuwa la kumtukana printa. Akikutana na wenzake kwenye ngazi walimuuliza, "Bado upo?" Hawakuwa na ubaya. Walitaka kujua kweli.

Jumatatu moja bosi alimwita juu. Bosi alikuwa mama wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Alimpa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Vifo vikishuka chini ya ishirini kwa siku, programu itabaki. Visiposhuka, itaondolewa, na wasomaji watasubiri mpya, labda mwakani, labda mwaka wa baada ya huo. Ufagio akauliza watu elfu mbili wasioona watasoma kwa kitu gani wakati huo wakisubiri. Bosi akamjibu, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba msomaji anayenyamaza katikati ya neno si msomaji.

Watu walikuwa wanasikiliza, na Ufagio alikuwa mtu wa kujibu. Akasema mbele yao wote kwamba ule ulikuwa uchafu wa Mabano, mzee aliyeondoka akawaachia wengine kuzoa.

"Nikimpata aliyeleta hili balaa," alisema, "nitamtundika kwa waya wa chaja yake mwenyewe."

"Polepole, kaka," mmoja akamjibu bila kuinua uso. "Ufagio nao hukatika mpini."

Wakacheka. Akashuka ngazi na masikio yanawaka.

Sasa, kati ya wale watu elfu mbili, mmoja alikuwa shangazi yake. Ndiye dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani hadi presha ya macho ilipompokonya sindano. Cherehani bado ilikaa chini ya dirisha imefunikwa kitambaa, na yeye bado aliweza kukuambia shati lako limeshonwa na mvivu au na mwenye haraka, kwa kulipitishia kidole tu. Zamani Ufagio alikwenda kwake kila Jumamosi kumsomea barua. Programu ilipofika mikononi mwake, alimwekea kwenye tableti, akamfundisha pa kugusa, akajigamba: "Sasa humhitaji mtu." Shangazi alisema asante. Jumamosi iliyofuata Ufagio hakwenda, kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma. Wala ile ya pili. Hivyo hivyo mwaka ukaisha, na mwingine ukaanza.

Jumamosi ya kati ya muda aliopewa, alikwenda. Alikuwa anataka tableti inayokufa, na hiyo ndiyo pekee aliyojua ilipo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi karibu. Umeingia na viatu, nimesikia."

Akavua. Wakasalimiana kwa kirefu, akaulizwa anakula nini, analala saa ngapi, na mbona mkono wa shati umefumuka kama mtu asiye na kwao. Ndipo shangazi akamweleza tatizo lake, naye alilieleza kwa aibu ya msichana, huku akikunja na kukunjua upindo wa kanga.

Alikuwa amepata barua. Mwandishi alikuwa mzee mshona viatu, aliyewahi kukaa naye kibaraza kimoja miaka kumi na tisa, yeye na cherehani yake, mzee na nyundo yake, kabla mzee hajachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi mbali. Kwa kuwa alijua kwamba fundi mwenzake sasa anasomewa na mashine, mzee alikwenda duka la kuchapa, barua ikachapwa, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu, hali ya hewa na habari za magoti. Shangazi alikuwa ameuhifadhi moyoni. Ulimalizikia hapa: *Sasa, fundi mwenzangu, ninalotaka kukuuliza ni hili.* Shangazi alikuwa akiweka ukurasa wa pili, mashine ikavuta pumzi, ikasema "Je, uta", ikafa.

"Uta nini?" shangazi aliuliza. "Utakuja? Utanisamehe? Utaniletea ile nyundo? Nimeiwasha mara kumi na moja, baba. Mara kumi na moja, uta, uta, uta."

"Nikusomee mimi basi. Dakika mbili."

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Kuna maswali ya watu wazima."

"Nina miaka thelathini na minne."

"Ndiyo. Mtoto wa kaka yangu mwenye miaka thelathini na minne."

Na jirani je? Jirani alikuwa tayari, tena kwa moyo mweupe. Lakini macho ya kuazima yana mdomo. Alichosomewa shangazi asubuhi, mtaa mzima ulikijua kabla ya jua kuzama.

"Aliyemchapia anajua," shangazi alisema. "Mashine inajua. Mimi niliyeandikiwa ndiye nisiyejua. Niambie, hiyo ni haki?"

Ufagio akatoa kompyuta yake, akaiunganisha na tableti kwa waya, akaweka programu upya, toleo la karakana, lile ambalo mafundi huliendesha wakiwa kazini ili waione inavyofanya kazi hatua kwa hatua. Barua shangazi hakuitoa, aliikalia. Kwa hiyo Ufagio akatumia karatasi yake ya majaribio, maelezo ya friji, kurasa nne zenye herufi ndogo kama chawa. Mashine ikasoma zote nne bila kukohoa. Akarudia mara tatu. Safi.

Sheria ya kampuni ilisema toleo la karakana halilali nje ya karakana, naye kwa sheria alikuwa mtu wa kunyoosha mstari. Akaliondoa, akarudisha toleo la sokoni, lile wanalotumia watu wote. Hakulijaribu. Angelijaribu kwa nini? Maandishi yalikuwa yale yale, mstari kwa mstari. Akaaga, akasema safari hii itasoma.

Hakuwa amefika kituo cha basi simu ilipolia.

"Jogoo wako wa shamba amekataa kuwika mjini," shangazi alisema.

"Pale pale?"

"Pale pale. Uta. Inakuogopa wewe tu. Ungekuwa unakaa hapa, ingesoma."

Alisema kwa mzaha. Ufagio akasema basi limefika. Basi halikuwa limefika.

Lakini palepale kituoni, akitazama barabara tupu, jambo lilimkaa kichwani kama mwiba. Chumba kile kile, tableti ile ile, saa moja haijapita. Kilichobadilika ni kimoja: toleo. Miaka miwili yeye alikuwa anaangalia la karakana, na watu wanafiwa na la sokoni.

Jumatatu asubuhi, mezani kwake, alitengeneza toleo la sokoni akalielekeza kwenye karatasi ya friji. Ukurasa wa kwanza ukasomeka. Wa pili ukaanza, ukafika kwenye neno "barafu", skrini ikawa nyeusi. Ilikuwa imekufa mbele yake kwa mara ya kwanza. Aligeuka kumwambia mtu. Meza tano zikamtazama.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mwindaji, na hiyo aliipenda. Programu ina daftari lake la mabadiliko: kila kilichoongezwa au kufutwa kimeandikwa, siku yake na jina la aliyefanya. Unachukua toleo la katikati ya miaka yote, unalijaribu. Likifa, kosa liko nyuma yake; likipona, liko mbele. Unatupa nusu, unakata tena, kama mtu anayekata muwa kutafuta kipande chenye mdudu. Kila jaribio lilikula saa nzima au zaidi. Jumatatu akakata. Jumanne akakata. Alikuwa ameshatunga maneno atakayoyasema juu, mbele ya wale waliocheka; aliyapanga yakawa na mizani, akayafanyia mazoezi mbele ya vikombe.

Jumatano saa sita mchana kilibaki kipande kimoja. Akakifungua.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa mstari mmoja uliofutwa. Maelezo ya aliyefuta yalisema: *Nimefagia. Mstari usiofanya kazi.* Na chini yake, tarehe ya miaka miwili iliyopita, siku yake ya kumi na moja peke yake katika chumba kile, na jina. Lake. Lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Alikaa. Chakula kilipoa kwenye kopo, hakusema karibu.

Mstari wenyewe aliukumbuka vizuri. Ulikuwa mwisho wa sehemu inayosoma picha, baada ya kazi yote kwisha: *[picha self];* Maana yake, unaiuliza picha, wewe ni nani, nayo inajibu, mimi ni mimi, na jibu hilo hakuna anayelichukua. Ni kama mtu anayepita mlangoni kwako akasema upo, ukasema nipo, akaenda zake. Asingeufuta mstari kama huo kwa nini? Akaurudisha. Akatengeneza toleo la sokoni. Kurasa nne, safi. Akaufuta: kifo. Akaurudisha: uhai. Alijua sasa unaponya. Hakujua unaponyaje, na yeye hakuwa mtu wa kupeleka kwa watu dawa asiyoijua.

Aliyejua alikuwa mmoja. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango, tangu siku ya kuagana: *Mabano. Wakati wowote.* Ufagio alikuwa ameuona mwandiko huo kila siku kwa miaka miwili, kama mtu anavyoona bawaba.

Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Umeufuta," sauti ya mzee ikasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeufuta ule mstari wa mwisho kwenye picha."

"Nimeufuta. Siku ya kumi na moja."

Mzee akacheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye koo lake halijatumika siku hiyo. Kisha akaeleza, na alieleza taratibu, kama anayeogopa maelezo yatakwisha. Zamani, alisema, fundi alihesabu mwenyewe kila kitu alichokichukua kwenye kumbukumbu ya mashine: hiki nimeshika, hiki nimeachia. Ukisahau kuachia, mashine inajaa. Ukiachia mara mbili, inakufa. Baadaye lugha ikaletewa karani wa kuhesabu mwenyewe. Fundi anaandika tu, karani anashika na kuachia kwa niaba yake. Watu wakafurahi, wakatupa daftari zao, wala hawakuuliza karani anahesabu nini.

"Anahesabu majina," mzee alisema. "Hahesabu kazi. Sisi tunaingia ndani ya picha, tunachukua rangi zake, tunaanza kuzisoma. Jina la picha hatulitaji tena. Karani anaona jina limepita, mbele halipo, anasema huyu ameshamalizwa, anabomoa. Msomaji bado yumo ndani."

"Na kwenye toleo la karakana?"

"Kule karani ni mvivu. Anasubiri kazi yote iishe ndipo apite kukusanya. La sokoni ana haraka, jina likishatajwa mara ya mwisho, hasubiri. Ukurasa wa kwanza unawahi kusomeka kabla nafasi yake haijapewa mwingine. Wa pili hauwahi. Ndiyo maana nikalitaja jina mwisho kabisa. Bure tu. Ili karani aone kwamba bado kuna atakayelitaja."

Ufagio akauliza swali lililobaki, na alitaka liwe la ukali, likatoka dogo. "Mzee, mbona hukuandika maelezo juu yake? Neno moja. Usifute."

Upande wa pili Ufagio alisikia saa ya ukutani ikigonga, na nyuma ya saa hapakuwa na sauti nyingine yoyote: si redio, si sahani, si mtoto.

"Niliandika," Mabano akasema hatimaye. "Siku ya mwisho nikayatoa. Niliona ukiyakuta hutakuwa na sababu ya kupiga." Akakohoa. "Nilidhani utapiga wiki ya kwanza. Ulikuwa kijana wa kuuliza."

Ufagio hakuwa kijana wa kuuliza hata siku moja, na wote wawili walilijua hilo. Alisema asante. Alisema samahani. Mzee akasema haya, kazi njema, na hakuna aliyekata simu mpaka Ufagio alipojifanya anaitwa.

Alhamisi toleo jipya lilitoka. Juu ya mstari ule Ufagio aliandika maelezo, akayafuta, akaandika mengine, na yaliyobaki yalisema: *Usiufute. Picha bado inasomwa. Sababu ni ndefu; njoo unione, ghorofa ya chini.*

Ijumaa vifo vilikuwa vinne. Bosi alimwita juu, akamwonyesha namba hiyo, akamwambia programu inabaki. Ingewezekana kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Ufagio alisimama katikati ya kile chumba chenye madirisha mapana, akasema kwa sauti kwamba uchafu haukuwa wa Mabano, mstari uliokuwa ukiwalinda watu aliuacha mzee na aliyeufuta ni yeye, kwa kiburi, bila kuuliza. Yale maneno yake yenye mizani hakutumia hata moja. Hawakucheka. Bosi akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kazi yake, nao wakarudi kwenye zao.

Jioni, aliporudi na vikombe kutoka kwenye bomba, alikuta waya wa chaja mezani kwake, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa uzi. Mtu alikuwa ameshuka ngazi, akaingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaweka mzaha wake, akaondoka. Ufagio akatoka hadi mlangoni upesi. Ngazi zilikuwa tupu.

Jumamosi alikwenda kwa shangazi. Aliweka toleo la sokoni, akalijaribu kwa karatasi ya friji, kurasa nne. Kisha akasimama.

"Haya," shangazi alisema. Tayari alikuwa ameitoa barua chini ya kitambaa cha cherehani. "Sasa nenda ukakae nje."

"Shangazi, mimi ndiye niliyetengeneza."

"Na Mungu akubariki. Nje."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwenye ubao. Sauti ya mashine ilipita kwenye mbao kama mvumo, bila maneno. Akatambua magoti yalipopita, kwa sababu shangazi alicheka pale pale alipocheka wakati akimsimulia. Kisha karatasi ikageuzwa. Mvumo ukaanza tena, ukapita pale palipokuwa na kifo, ukaendelea, ukaendelea, ukaisha wenyewe kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza alilokuja kusema.

Alisubiri mlango ufunguliwe, aambiwe angalau neno moja, utakuja au utanisamehe. Haukufunguliwa. Badala yake mvumo ukaanza upya, ukurasa wa pili, tangu juu. Ukaisha. Ukaanza tena. Hakuna aliyemhitaji humo ndani, na hilo ndilo alilolitengeneza.

Mtaani watu walipita wawili wawili. Ufagio alivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa shati lake, ukaja mrefu, akauacha. Akatoa simu, akatafuta namba ya Jumatano.

Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Umefuta nini tena?" Mabano akauliza.

"Sijafuta kitu, mzee. Nimepiga tu."

Upande wa pili saa ya ukutani ikagonga mara tatu, nne. Kisha Ufagio akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikisogezwa karibu.